Uzoefu Wangu na Huduma ya Kumwuliza Daktari kwa Simu

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikilipia huduma ya kuwasiliana na daktari kwa ujumbe wa simu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa kasoro nitakayoieleza huenda si yake peke yake. Nilijisajili kwa ajili ya mama yangu, ninayeishi naye Manyatta, hapa Kisumu, na ambaye hutumia dawa za presha.

Sifa yake ni kwamba hujibu hata usiku, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka, na ndiyo iliyonifunza kupima presha inavyotakiwa: mama aketi kimya kwa dakika 5, mgongo umeegemea kiti, nyayo zikiwa sakafuni na mkono usawa wa moyo. Awali nilikuwa nikimpima punde tu anaporudi kutoka soko la Kibuye, angali anahema na kunisimulia bei ya omena, kisha nikishtuka kuona 160. Kwa shilingi 200 kwa mwezi, somo hilo pekee lilinirudishia pesa zangu.

Kasoro ilijitokeza vifundo vya miguu yake vilipoanza kuvimba. Nilianza kwa kupekua mtandaoni (kosa langu), na kufikia saa sita usiku nilikuwa nimesadiki kwamba figo zimeharibika. Nikawaandikia madaktari wa simu kwamba miguu ya mama imevimba, na baada ya dakika chache nikapata ujumbe mrefu uliotaja moyo, figo, ini na kusimama kwa muda mrefu, ukamalizia kwa kunishauri nimpeleke hospitali. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake, ila hakuna aliyeuliza mama anameza nini.

Aliyeuliza ni mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu, mmoja wa wale takriban 100,000 ambao serikali ilizindua kazi yao mwaka 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa. Alibonyeza kifundo kwa kidole gumba hadi kikabaki na shimo, kisha akasema, "Mama, hebu niletee dawa zako zote, hata za mitishamba." Mama akaleta kopo lake la zamani la mafuta ya kupikia, analohifadhia dawa. Yule dada akazisoma moja moja hadi akafika kwenye amlodipini, mojawapo ya dawa zake za presha, akatueleza kwamba dawa hiyo huvimbisha miguu ya baadhi ya watu, akamwonya asiiache ghafla, na akamwandikia rufaa ya kituo cha afya. Huko walipima damu na mkojo wakakuta figo ni nzima, wakapunguza dozi kutoka miligramu 10 hadi 5 na kuongeza dawa nyingine. Baada ya wiki tatu viatu vyake vya kanisani vilimwenea tena.

Huduma ya simu sijaiacha. Ningewaomba tu wanaoiendesha waweke swali moja kabla ya mtu kuruhusiwa kuandika shida yake: mgonjwa anatumia dawa gani, na kwa kipimo gani?