Unga wa kolestiramini kwa kuwashwa kwa wagonjwa wa ini: nyota 4, ila soma kwanza

Mama yangu ana ugonjwa wa ini wa muda mrefu, ule wa vinjia vya nyongo kuharibika taratibu. Tupo Mbeya, na kilichokuwa kinamtesa kuliko vyote ni kuwashwa. Hana kipele hata kimoja, ngozi safi kabisa, ila viganja na nyayo usiku ni moto, sasa Julai hii ya kwetu watu tumejifunika mablanketi mawili yeye anatoa miguu nje anaikanyagisha kwenye sakafu ya simenti, na pembeni ya kitanda ana gunzi la kujikunia. Shuka zilikuwa na madoa ya damu.

Tulianza na piritoni kama kila mtu. Inamlewesha usingizi tu, akiamka anajikuna vilevile, maana kuwashwa huku sio kwa aleji.

Daktari ndo akaandika kolestiramini, ni unga wa pakiti za gramu 4. Alivotuelezea ni kwamba nyongo ikishindwa kushuka vizuri vitu vyake vinarudi kwenye damu na ndo vinawasha, sasa huu unga hauingii kwenye damu kabisa, unabaki tumboni unainasa nyongo unatoka nayo chooni. Ndio maana unanywewa karibu na kifungua kinywa, pakiti moja kabla na nyingine baada, kwa sababu usiku kucha nyongo imejikusanya kwenye kifuko chake na ukila tu inamwagika.

Ladha? Mchanga. Yaani ni kama umekunywa maji ya mtoni Januari. Usimpe mtu aubwie mkavu, atapaliwa. Sisi tunakoroga kwenye juisi ya embe, tunaacha dakika chache ulowe, anafumba macho anamaliza. Choo pia kinakuwa kigumu, kwa hiyo maji mengi na mapapai hayakauki ndani.

Sasa lawama yangu. Duka la dawa tuliponunua, nisilitaje, kijana alitupa boksi na chenji basi. Hakuuliza mama anatumia dawa gani nyingine. Mama ana tatizo la tezi ya shingo pia na kidonge chake alikuwa anakimeza asubuhi hiyohiyo, glasi hiyohiyo. Wiki kama tatu hivi kuwashwa kumepungua tunashangilia, kumbe mama anachoka, anasinzia mchana, anasikia baridi mpaka anaota moto jikoni saa saba mchana, na sisi tunasema ah, Mbeya hii. Kurudi kliniki daktari akamuuliza, "Mama, hiki cha tezi unakimeza saa ngapi?" Mama akajibu kwa kujivunia kabisa, "Zote pamoja mwanangu, nisije nikasahau." Daktari akaweka kalamu chini.

Unga unanasa na dawa nyingine, hauchagui. Dawa zingine zinywewe saa moja kabla yake au ziachwe masaa manne mpaka sita baada, na ya tezi kwetu ikahamishiwa usiku wakati wa kulala. Na ukitumika muda mrefu unapunguza vitamini A, D, E na K, kwa hiyo vipimo msiviruke.

Nilimuuliza je usingefanya kazi? Akasema kuna rifampisini, ndio hiyohiyo ya TB, inasaidia kuwashwa ila yenyewe inaweza kuumiza ini, hiyo inatolewa kwa vipimo vya damu sio ya kujinunulia.

Kwa mama unga ulianza kuonyesha kazi kama siku ya tano hivi, kuwashwa hakujaisha ila sasa analala mpaka adhana ya kwanza ya msikitini, na gunzi nimelikuta juzi limewashiwa jiko.

Nyota moja nimekata kwa upatikanaji. Boksi la pili lilitoka Dar kwa basi, nimelisubiri stendi tangu alfajiri. Mwenye kujua duka hapa mjini linaloweka kila mwezi anitonye, zimebaki pakiti sita.