Kufuli za waya, vizibo vya USB na YubiKey: miezi minane ofisini Sinza

Ofisi yetu ipo Sinza, ghorofa ya kwanza. Tunatunza hesabu na kuandaa ritani za kodi za wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo kompyuta zetu tano zimejaa TIN za watu, mishahara yao na taarifa zao za benki. Siku moja nilitoka kula, niliporudi nikakuta flashi nisiyoijua imechomekwa kwenye mashine yangu na faili la mishahara ya mteja liko wazi. Mchana ule walikuwa wamepita wateja saba na muuza maji. Hadi leo sijui ni nani. Usiku ule sikupata usingizi, maana chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, aliyekusanya taarifa za watu ndiye anayewajibika kuzilinda.

Nilianza na kufuli za waya, zile za kufungia laptopu mezani. Kariakoo nikamuuliza kijana wa duka kama zinaingia kwenye Dell. "Dada, hizi zinaingia zote, chukua tu." Nikachukua tano, shilingi 35,000 kila moja. Kwenye HP mbili zilikaa vizuri: unaingiza ulimi kwenye tundu la kufuli lililo ubavuni mwa laptopu, unauzungusha, unavuruga namba, na hata ukivuta kwa nguvu haitoki. Kwenye Dell Latitude tatu, kila nilipovuta kidogo ikachomoka. Nilipomulika kwa tochi ya simu ndipo nikaona kwamba tundu la Dell zile lina kingo zilizokatwa mshazari. Tundu la kawaida ni milimita 3 kwa 7, laptopu nyembamba nyingi zina dogo la 2.5 kwa 6, na hili la Dell linahitaji kufuli la aina yake. Duka lilikataa kuzirudisha. Tafadhali, nenda na laptopu yako dukani, uijaribishe hapohapo kabla hujatoa hela.

Kuna jambo la meza pia. Waya tuliuzungushia mguu wa meza, lakini mtu akiinyanyua meza kidogo tu, waya unatoka chini na laptopu inaondoka nayo. Nikamwita fundi wa magrili wa mtaani kwetu, akachomelea pete ya nondo kwenye fremu ya kila meza, shilingi 5,000 kila pete. Hiyo ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye zoezi hili.

Vizibo vya USB sivipendekezi peke yake. Ni vipande vya plastiki unavyosukumia kwenye matundu na kuvitoa kwa kifunguo chake maalumu. Vimeziba matundu ya ziada, sawa, lakini tundu la mausi lipo palepale: mtu anachomoa mausi, anachomeka flashi.

Kilichonituliza moyo ni YubiKey 5 NFC. Ni ufunguo wa kuingilia kwenye akaunti za kompyuta: kidude chembamba chenye duara la rangi ya dhahabu katikati, hakina betri, unakichomeka kwenye USB na kuligusa duara. Barua pepe ya ofisi sasa haifunguki kwenye mashine ngeni bila hicho. Nikipelekwa kwenye tovuti ya kughushi inayofanana na ile halisi, kinakataa, kwa sababu kimesajiliwa kwa anwani ya tovuti ya kweli tu. Kwenye Windows tumeweka programu ya Yubico, kampuni inayotengeneza YubiKey, kwa akaunti za ndani ya mashine, kwa hiyo neno la siri pekee halimwingizi mtu. Angalia hapo: ile aina yao ya bei nafuu iitwayo Security Key haifanyi kazi hiyo, lazima iwe YubiKey ya Series 5 kama hii yetu.

Udhaifu upo, na nausema wazi. Bei ni kubwa, kila kimoja kilitugharimu zaidi ya dola 50, na kila mtu anahitaji viwili ili kimoja kikipotea asifungiwe nje. Halafu kwetu kukichomoa hakufungi skrini. Ni lazima ubonyeze Windows na L. Wiki za mwanzo nilikuwa nakuta vimeachwa kwenye mashine watu wakiwa wameenda kula, yaani mlango umefungwa na ufunguo unaning'inia kitasani. Nikanunua kamba za shingoni kama za vitambulisho. Mtu akitaka kusimama, kamba inamvuta shingo, anakumbuka kuchomoa na kufunga skrini.

Vya akiba tumevifungia kwenye kabati la chuma, kila kimoja kwenye bahasha yenye jina. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alifika kutoka Mbagala akakumbuka chake kimebaki nyumbani. Aliandika jina kwenye daftari, akachukua cha akiba, na saa mbili na robo alikuwa anafanya kazi. Bado nazitafutia zile Dell tatu kufuli zinazolingana na tundu lake. Kwa sasa, kila jioni nazo zinaingia kabatini.