Ubao wa mabao wa kugeuza kadi: unafaa mechi za shule?

Unafaa, ila chagua wenye mafungu mawili ya kadi za tarakimu kila upande. Ule wa fungu moja huishia 9. Tarakimu za sentimita 20 zinasomeka vizuri kutoka katikati ya uwanja. Kasoro kubwa ni upepo: kadi hujigeuza na pete za waya hufunguka. Bana kila fungu kwa kibanio cha nguo chini, kisha ning'iniza mfuko wa mchanga kwenye miguu.

Uzuri wake huonekana timu moja ikizidiwa. Pengo likifika mabao 6, geuza kadi tupu, isiyo na tarakimu, mbele ili timu inayozidiwa isiaibike. Rekodi anayo mwamuzi, kwa hiyo matokeo hayaguswi. Kugeuza bao la kumi kwa mbwembwe ni dhihaka tu.