Ekstensheni ya birika na pasi: achana na matundu, soma waya

Kaskazi hii nimetumiwa picha nyingi za plagi za ekstensheni zilizoungua. Ya msomaji mmoja wa Kisauni ndiyo iliyonisukuma kuandika: mguu mmoja wa plagi umegeuka kahawia, plastiki imevimba, na fyuzi ndani nzima kabisa. Aliuliza, "Dada, si imeandikwa 13A?"

Imeandikwa, ndiyo: ampea 13, yaani wingi wa umeme unaoruhusiwa kupita. Lakini iliyoandikwa ni plagi. Waya haukuulizwa.

Kwa hivyo sitazungumzia idadi ya matundu, swichi, taa nyekundu wala tundu la kuchajia simu. Hayo kila mtu anayaona dukani. Nataka tuangalie unene wa shaba iliyo ndani ya waya, kitu ambacho muuzaji hatakutajia mpaka umuulize, na ukimuuliza atakwambia "hii nzito, mamangu".

Anza na birika lako. Ligeuze usome kitako: mengi yameandikwa 220–240V, 1850–2200W. Gawanya wati kwa volti: 2200 kwa 240 ni ampea 9.2 hivi. Sasa gawanya volti 240 kwa hizo ampea, utapata ukinzani wa birika, yaani jinsi linavyouzuia umeme: omu 26. Rudia kwa nambari ndogo: 1850 kwa 220 ni ampea 8.4, na 220 kwa 8.4 ni omu 26 tena. Koili inayochemsha maji ni ile ile. Kilichopungua ni stima iliyofika. Ndiyo maana jioni, mtaa mzima ukipika na volti zikashuka, chai inachelewa, na birika halina kosa.

Waya nao una ukinzani wake. Mdogo, lakini joto lake hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu, na hapo ndipo watu wanapoumia. Ekstensheni ya mita 5 ina mita 10 za shaba, kwa kuwa umeme unakwenda na kurudi. Ikiwa waya ni wa milimita mraba 0.5, hizo ni karibu omu 0.39. Birika likiwaka, wati 33 za joto zinabaki ndani ya waya. Ongeza pasi ya wati 1200, yaani ampea 5 zaidi, na joto halipandi kidogo kidogo: linaruka mpaka karibu wati 79. Waya wa 1.5 ungekuwa na wati 11 kwa birika peke yake, na 27 kwa vyote viwili. Ukiwa umeukunja nyuma ya kabati, joto hilo halina pa kutokea.

Na fyuzi? Birika na pasi pamoja ni ampea 14 na ushei. Fyuzi ya 13 haikatiki kwa ziada ndogo kama hiyo, inaweza kuvumilia muda mrefu tu. Waya mwembamba hauna uvumilivu huo.

Basi, ninavyozipanga ekstensheni.

Ya kwanza, na sifichi upendeleo wangu, ni ya kuungiwa na fundi: waya wa nyuzi tatu wa 1.5 kutoka East African Cables, plagi na soketi za MK. Hao MK ni Waingereza, wako kazini tangu 1919, na kinachonipendeza ni skrubu zao zinazobana waya sawasawa. Hapa Mombasa hewa ya chumvi inashambulia kila kiungo kilicholegea, kiungo kikiota kutu ukinzani unapanda, na plagi inaungulia hapo hapo. Jitayarishe kutoa zaidi ya shilingi elfu mbili. Ndiyo, ni ghali. Mwambie fundi asikate zaidi ya mita 3 ikiwa hukuhitaji zaidi.

Ya pili ni iliyotengenezwa tayari, kwa sharti kwamba maandishi yako kwenye waya wenyewe, si kwenye boksi: 3G1.5, au kwa uchache 3G1.25. Hiyo G maana yake waya wa ardhi umo. Ukiona 2X, waya huo haumo, rudisha. Kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, usikiamini kwa macho. Tuma SM# na nambari ya kibali kwenda 20023, jibu linakuja.

Ya tatu ni ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu. Nzuri kwa harusi na matanga, mradi uikunjue yote kabla ya kuwasha kitu kizito.

Za bei ya kutupa: feni na simu, basi. Feni ya wati 60 inavuta robo ampea, haina neno.

Sasa wauzaji. Kuna mtindo wa kuvika waya ngozi nene ya plastiki ili ukiushika useme huu mzito, kumbe ndani nyuzi ni za kuhesabika. Wengine wanatia aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba halisi. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyeupe ndani, ndiyo hiyo. Lakini jaribu kuomba kukwangua! Duka moja mjini, boksi lenyewe nilikatazwa kulifungua, na ukutani wamebandika kwamba mali ikishauzwa hairudi. Nilipe kwanza, nione baadaye? Na hao wanaokata kwa mita, simama karibu. Wapo wanaopima kwa urefu wa mkono wao, na mkono wenyewe wameukunja.