EB Garamond kwenye steshenari yangu Tabora: fonti ya kusoma, si ya kurudufu

Vitabu vyote vinavyopita mikononi mwangu siku hizi navipanga kwa EB Garamond, na sina mpango wa kuiacha. Nina steshenari hapa Tabora mjini. Kazi nyingi ni barua za maombi, ripoti za wanachuo na kadi za harusi, lakini wapo wanaoleta maandishi ya kusomwa toka mwanzo hadi mwisho: kitabu cha nyimbo za kwaya, historia ya ukoo, kumbukumbu za mwalimu mstaafu. Hapo ndipo fonti inapopimwa.

Awali kila kitu kilikwenda kwa Times New Roman kwa sababu imo kwenye kila kompyuta na vyuo vinaidai. Mahali pake ni nzuri. Ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, ambalo lilianza kuitumia mwaka 1932, na gazeti linahitaji herufi zilizobanana ili maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba. Ukiipeleka kwenye kitabu chenye maneno yetu marefu, "hawakutuandikia", "walipomkaribisha", ukurasa unachosha mapema.

EB Garamond asili yake ni ya kale zaidi. Claude Garamont alikuwa mchonga herufi wa Paris, akafariki 1561. Mwaka 1592 kiwanda cha herufi cha Egenolff na Berner, Frankfurt, kilitoa karatasi ya vielelezo yenye herufi zake za wima pamoja na italiki, yaani herufi za mlalo, za Robert Granjon. Karatasi hiyo ndiyo aliyoifuata Georg Duffner alipoifufua kwa kompyuta, na E na B za kwenye jina zimetoka huko. Baadaye Octavio Pardo akaiongezea uzito mbalimbali, yaani unene wa herufi. Ni ya bure, na leseni yake inaruhusu kazi za kulipwa, kwa hiyo naitumia kwa amani.

Kinachonivutia ni hiki: Garamont alichongea Kilatini na Kifaransa, lugha ambazo k na w hazionekani sana. Sisi hatuendi sentensi moja bila hizo mbili. Chapa "wakulima wakiwa kikaoni" uone: mkono wa k hausukumi jirani yake, na w haiachi pengo. Waliozichora upya walifanya kazi ya heshima.

Tazama pia neno "marafiki". Kwenye fonti nyingi kichwa cha f kinagonga nukta ya i. Hapa f na i zinaungana kuwa umbo moja safi. Programu ya kuandikia ya LibreOffice inafanya hivyo yenyewe. Kwenye Word lazima uwashe kwenye mipangilio ya fonti. Na ukiandika Ng'ambo, kata yetu hii, weka alama ya ritifaa iliyopinda, si ile iliyonyooka. Kwenye kadi ya mwaliko tofauti inaonekana mara moja.

Tarakimu ziko za aina mbili. Zipo zinazopanda na kushuka pamoja na herufi ndogo, ambazo ndizo nazitumia kwa miaka ndani ya simulizi, na zipo zenye kimo kimoja kwa ajili ya bajeti za harusi. Zipo pia herufi kubwa zenye kimo cha herufi ndogo, ili TANESCO na NECTA zisipige kelele katikati ya aya.

Sasa udhaifu wake, maana upo. Tumbo la a ni dogo, jicho la e ni dogo zaidi, na herufi nzima ina umbo dogo. Saizi 12 yake inaonekana ndogo kuliko saizi 12 ya Times. Mwaka 2014 mwanafunzi mmoja wa Marekani alipata umaarufu kwa kupendekeza serikali itumie Garamond ili kuokoa wino. Wataalamu wa herufi wakamjibu kwamba wino unapungua kwa sababu herufi ni ndogo, na ukizikuza zisomeke sawa, akiba inayeyuka. Mimi nakubaliana nao. Wateja wanaoitaka kwa kubana karatasi nawashauri waachane nayo.

Mwalimu mstaafu nilimwekea ukurasa uleule kwa saizi tofauti.

"Shikamoo mwalimu. Upi unasomeka?"

"Marahaba, mwanangu. Huu. Ule mwingine unanikunjisha uso."

Alichagua saizi 13, mistari imeachiana vizuri. Kitabu kiliongezeka kurasa, lakini wazee wenzake wanakisoma bila kukisogeza mbali na macho.

Pa kuiepuka kabisa ni kwenye karatasi za kurudufu: mitihani ya majaribio, fomu, matangazo ya vikao. Nakala ya kwanza inapendeza. Ukitoa fotokopi ya fotokopi, kile kimstari chembamba cha e kinakatika, "kelele" inasomeka "kclclc". Mwanafunzi hapaswi kubahatisha swali. Kazi hizo nazipeleka kwenye Arial.

Kwa vitabu, kama printa yako ni ya leza na karatasi ni ya bei nafuu, usianze na uzito wa kawaida. Chukua Medium, ambayo imenenepa kidogo tu. Kwa macho hutaona mabadiliko makubwa, ila e zinabaki e hadi tona inapokaribia kuisha. Herufi nene kabisa ziache kwa vichwa vya habari.