Mtungi wa kuzimia moto wa kilo 2: tazama geji kabla hujatoa hela

Wadau, karibuni tena. Leo nina mtungi wa kuzimia moto, ule mwekundu wa unga, kilo 2. Habari za rangi na urefu tuziache, mnaujua, uko kwenye magari na uko kwenye korido za ofisi. Kilichonileta hapa ni hii geji shingoni. Naipenda sana, na inaniuma kwamba watu wanapita mbele yake kila siku bila kuitazama.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Hapo. Mshale ukiwa kwenye kijani, presha ipo. Ukilala kushoto kwenye nyekundu, una chuma tu ukutani, unga hautatoka. Ukivuka kijani kwenda kulia, presha imezidi, nao upelekeeni fundi. Basi. Kuisoma ni kazi ya kufumba na kufumbua, hata mtoto wa darasa la pili ataiweza.

Sasa twende uwanjani, nimewasha mbao kwenye karai kuukuu. Tazameni mkono wangu. Navuta pini, sili ya plastiki inakatika. Nasimama mita mbili tatu hivi, upepo uko mgongoni. Nalenga chini, kwenye shina la moto, siyo kwenye ndimi. Nabana, nafagia kushoto, kulia. Umezima! Naachia haraka, kwa sababu mtungi wa ukubwa huu unga wake ni wa sekunde nane, kumi hivi, ukichezea umekwisha.

Turudi kwenye geji. Mshale umeshuka, uko ukingoni mwa kijani. Hapa ndipo mtu husema "bado umo" akaurudisha ukutani. Sasa oneni picha ya asubuhi yake: mshale umelala kwenye nyekundu! Hakuna aliyeugusa. Chembe za unga zimekwama kwenye vali, haikufunga vizuri, gesi imevuja usiku kucha. Kwa hiyo ukishabana hata mara moja, peleka ukajazwe. Wenye ofisi, hili nawasihi: mlinzi akijaribu kidogo "kuona kama unafanya kazi", huo mtungi haupo tena.

Ila geji nayo haisemi yote. Inapima presha, unga haiujui. Mtungi ukikaa muda mrefu kwenye gari linalotikisika, unga unashindiliwa chini unakuwa kama chumvi ya masika. Ugeuze kichwa chini, usikilize. Unga mzuri unauhisi ukiteremka. Mafundi wa kujaza nao wapo wanaoongeza presha tu na unga ni ule ule wa zamani. Simama hapo hapo, mwambie aupime kwenye mizani mbele yako.

Kuna wanaoniuliza kuhusu ile ya hewa ukaa, yenye pembe nyeusi ya kupulizia. Nzuri kwa kompyuta na vifaa vya umeme, haiachi uchafu, lakini haina geji, lazima ipimwe uzito. Unga huu ukiingia kwenye mashine utalia. Blanketi la moto pia nalipenda kwa sufuria ya mafuta: zima jiko, funika, usifunue mpaka ipoe. Maji kwenye mafuta yanayowaka, hapana kabisa! Na unga ukipuliziwa karibu mno unarusha mafuta nje ya karai, wauza chipsi mnisikie.

Gesi: kama moto unatoka kwenye mpira wa mtungi wa gesi, funga vali kwanza ukiweza kuifikia. Ukizima moto na gesi inaendelea kutoka, inatambaa sakafuni ikitafuta cheche, na huo mlipuko ni mbaya kuliko moto wa mwanzo. Moto ukishashika dari, achana na mtungi wa kuzimia. Toa watu, funga mlango, piga 114, Zimamoto. Ndiyo maana mtungi unatundikwa karibu na mlango wa kutokea, siyo juu ya jiko.

Bei sitaji, inabadilika na mtanisumbua. Kariakoo zinatofautiana duka kwa duka, patana. Kariakoo hiyo hiyo ambayo soko kuu liliungua usiku wa Julai 10, 2021, nami nikipita pale bado nahesabu maduka yasiyo na mtungi hata mmoja. Simu janja ya bei ya chini kabisa inauzidi mtungi huu bei, jamani.

Video ijayo ni ya kengele ya moshi, nimeshaifunga nyumbani, na mama anailalamikia kila akikaanga samaki. Wa Mwanza, Mbeya, Tanga: kama unajua fundi anayejaza kwa uaminifu, andika mtaa wake kwenye maoni, useme kama alikupimia mizani mbele yako.