Clash Royale kwa mtu wa kawaida: uangalie huu mstari wa zambarau

Wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo siwazungushi, mechi yenyewe ni dakika tatu tu, na kuna kitu nataka mkione kabla hamjapeleka kidole kwenye video nyingine. Angalieni chini kabisa ya skrini yangu. Huu mstari wa zambarau. Mnauona unavyojaa? Hiyo ndiyo eliksiri, nishati unayolipia kila kadi unayoweka. Kwangu mimi, huu mstari ndio umeutoa mchezo wa mbinu kwa mabingwa ukauleta kwa watu wa kawaida. Nimeuona kwenye simu ya dereva bodaboda akisubiri abiria, nimeuona kwa dada wa dukani, watu ambao ukiwaita wachezaji wa gemu watakushangaa.

Kwa wageni, kwa kifupi: ni mchezo wa simu, kila mmoja ana minara mitatu na deki ya kadi nane, nne mkononi, na unashusha kadi uwanjani kuvunja minara ya mwenzako na kulinda yako. Kampuni ya Supercell ya Helsinki, Finland, iliuachia mchezo dunia nzima Machi 2016, na wengi wenu mmewahi kuuweka kwenye simu, mkaufuta, mkaurudisha.

Sasa twende kwenye eliksiri, na hapa nitakaa. Mstari wako unashika eliksiri kumi, haizidi. Kila sekunde 2.8 inaingia moja. Kwako na kwa mpinzani wako, kasi ni ileile. Awe bingwa, awe ameanza jana, wote mnapata sawa. Dakika ya mwisho kasi inakuwa mara mbili, na hapo ndipo kelele zinapoanza.

Nawachezea mechi niliyoirekodi, halafu naisimamisha hapahapa. Wote tuna kumi. Mpinzani kaweka Giant, lile jitu, kwenye daraja la kuvukia upande wangu. Giant ni eliksiri tano, kwa hiyo yeye kabakiwa na tano. Mimi sina haraka. Naweka Minions, vijidude vinavyoruka, juu yake, eliksiri tatu. Giant hapigi askari, anakwenda kwenye majengo tu, kwa hiyo Minions wangu wanamla bila yeye kuwajibu. Angalieni, mpinzani kaingiwa na hofu, katupa Arrows, ile kadi ya mishale, tatu nyingine. Minions wamekufa. Mtu mgeni akiangalia hapa atasema nimepoteza. Hesabu! Yeye katumia nane. Mimi nimetumia tatu. Sasa namshusha Mini P.E.K.K.A, yule wa chuma mwenye upanga, nne. Jumla yangu saba. Anampiga Giant, anampiga, mnara wangu nao unasaidia, umeguswa kidogo lakini umesimama. Giant kafa. Nimemzidi eliksiri moja tu, mtasema si kitu. Lakini Mini P.E.K.K.A wangu bado yupo hai, hajaguswa, na anavuka daraja kwenda kwao. Namwekea Musketeer, mpiga bunduki, nyuma yake. Sasa yeye ndiye wa kujitetea.

Rudisha video uangalie tena kama hujaelewa, nitakusubiri.

Sikubonyeza vitufe kwa kasi. Kadi mbili tu nimeweka, kisha Musketeer. Kazi yote ilikuwa kuamua: nisubiri au nitupe, na nimjibu kwa bei gani. Ni kama drafti ya kijiweni, hata aliyesimama nyuma anaangalia tu anajua nani kabanwa.

Linganisha na StarCraft II, mchezo wa vita na mbinu wa kwenye kompyuta. Nauheshimu sana ule mchezo. Ulitoka 2010, tangu Novemba 2017 unaweza kuanza kuucheza bure, na Korea Kusini jina hilo limewahi kuwa na watu wanaolipwa kucheza kama wanasoka. Lakini mweke mtu wa kawaida kwenye kiti: achimbe madini, ajenge kambi, atume mpelelezi, apigane sehemu mbili kwa wakati mmoja, vidole viruke kwenye kibodi kama cherehani. Akili anaweza kuwa nayo kubwa, mikono ikamwangusha. Kwenye Michezo ya Asia ya Jakarta 2018, StarCraft II na Clash Royale zote ziliwekwa kama michezo ya maonyesho. Jukwaa moja, lakini mmoja ukitaka kuujaribu unahitaji kompyuta na miezi ya kujifunza, mwingine unahitaji simu na kidole gumba.

Na msiniletee Mobile Legends, ule mchezo mwingine wa simu wa timu, kwenye maoni, najua mtaileta. Mzuri, naucheza. Lakini ni watano kwa watano. Mama akikuita katikati ya mechi, wenzako wanne wanaumia. Huku ukikatika umejiumiza mwenyewe, na mechi nyingine ipo.

Halafu, kabla sijasahau, tangazo la chaneli. Live ya Jumamosi naihamishia Jumapili saa mbili usiku, maana Jumamosi nusu yenu mnakimbilia mpira na mimi sitaki kushindana na mpira. Jumapili tutacheza wawili kwa wawili na watazamaji. Tena hiyo wawili kwa wawili ndiyo ningempa mtu mpya aanze nayo, kwa sababu hupotezi vikombe, yaani alama za kupandia daraja, na ukiwa na ndugu yako pembeni ya kochi, kila mtu na simu yake, mtacheka hadi majirani wagonge ukuta.

Haya. Nimesifia vya kutosha, sasa kinachoniudhi. Leveli za kadi, yaani kila kadi inavyopandishwa nguvu.

Nimewaambia eliksiri ni sawa kwa wote. Ni kweli. Lakini kadi si sawa. Tazama: Musketeer wangu huyu, na Fireball, mpira wa moto, ya mpinzani. Zikiwa leveli moja, Fireball ikimpata Musketeer anabaki hai, damu kidogo sana, lakini hai, na anaendelea kupiga. Fireball ikiwa juu leveli moja tu, anakufa papo hapo. Hesabu zote nilizowafundisha dakika mbili zilizopita zimevurugika. Ulifanya uamuzi sahihi ukaadhibiwa. Mchezaji sugu anajua kwa nini. Mtu wa kawaida hajui, yeye anaona tu kwamba Musketeer wake jana alibaki na leo hakubaki, anaamini hajui kucheza, anaufuta mchezo. Hilo linaniuma kweli, kwa sababu alikuwa anajua!

Na ngazi yenyewe haina mwisho. Leveli ya juu kabisa ya kadi ilikuwa 13. Mwaka 2021 wakaweka 14. Ikaja 15, ikaja 16. Kila mtu aliyekaribia kilele, kilele kinasogezwa. Kwa anayeutoa mkate wake kwenye gemu hiyo ni kazi, sawa. Kwa mtu wa mechi mbili usiku kabla ya kulala, hiyo ni kumwambia hatafika.

Halafu ajabu, watu wanarudi! Mwaka 2025 Jynxzi, yule Mmarekani aliyejulikana kwa Rainbow Six Siege, mchezo wa kupigana risasi, alianza kuucheza mubashara na umati ukamfuata. Video zikajaa kila mahali. Nadhani sababu ni ileile niliyowaonyesha: hata kama hujawahi kuugusa, unaelewa unachokiona. Jaribu kumkalisha shangazi yako mbele ya StarCraft kwa dakika tatu.

Mmeniuliza sana kuhusu Pass Royale, ile pasi ya kulipia inayokupa zawadi zaidi ndani ya mchezo. Ilianza 2019 kwa karibu dola 5 na sasa ya juu kabisa ni ghali zaidi ya hapo. Msimamo wangu: usinunue chochote mwezi wa kwanza. Hela hiyo weka bando, kwa sababu bila intaneti huu mchezo hauchezeki. Wewe mpya tumia kadi hizi: Knight, Giant, Musketeer, Mini P.E.K.K.A, Minions, Arrows, Fireball, Cannon. Wastani wa eliksiri 3.6. Hakuna hata moja ya kutafuta kwa hela. Leveli zako za mwanzo zipeleke kwenye hizo nane tu, usitapanye, maana dhahabu ya mchezo, unayolipia kupandisha leveli, ikitawanyika kwenye kadi ishirini ndipo unapopigwa na kila mtu.

Kwa hiyo nauweka kwenye simu? Ndiyo, na nitamwekea na mdogo wangu. Ila Supercell, kama kuna mtu wenu anaelewa Kiswahili: wekeni mechi za vikombe ambazo kadi zote ni leveli moja, ziwepo siku zote, siyo kwenye changamoto za kupita tu. Watu mtakaowapata hapo hamjawahi kuwaona.

Subiri, mpinzani kapatikana, hii ni mubashara sasa, siyo ile niliyorekodi. Kaanza na Hog Rider, mpanda nguruwe anayekimbilia majengo. Nne. Cannon, mzinga, hii hapa katikati, tatu. Haya, niambieni kwenye maoni kabla hamjaona: niweke nini sasa?